Mabango 60, watu 19: ulimwalika nani?

"Shikamoo mwalimu. Niko Bagamoyo, nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye kikundi cha maigizo cha jamii chenye ukumbi mdogo wa viti 150. Msimamizi wangu amenikabidhi kazi ya kuwafikia watazamaji wapya kabla ya mchezo wetu ujao, na nimebakiwa na wiki tisa na shilingi 350,000. Mwezi uliopita nilijaribu onyesho moja. Nilichapisha mabango 60, nikabandika stendi, sokoni na njia ya ufukweni, nikaweka tangazo Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Kiingilio kilikuwa bure, saa 12:30 jioni. Walikuja watu 19, na saba kati yao ni ndugu wa waigizaji. Wenzangu wanasema watu wa hapa wamezoea ngoma, maigizo hawayataki. Je, nikodi gari la matangazo? Nipeleke vipande vya mchezo sokoni na shuleni? Na nitajuaje kama nimefanikiwa, maana chuoni wanataka ripoti?"

Marahaba, mwanangu. Kabla sijagusa gari la matangazo wala soko, nikuulize juu ya wale 19. Ukiwatoa ndugu saba, wamebaki 12. Hao uliwauliza nani aliwaambia? Nadhani hukuwauliza, maana ungewauliza ungeniandikia. Sikulaumu. Usiku kama ule mtu anahesabu viti vilivyo wazi, hahesabu vilivyokaliwa. Lakini sehemu kubwa ya jibu lako wanayo wale 12, na mji wenu si mkubwa kiasi cha kutowaona tena. Anza nao kesho.

Naona una hofu mbili umezifunga kwenye furushi moja. Ya kwanza ni kwamba watu hawakitaki unachowapelekea, kwa hiyo ufanye usifanye ni kutwanga maji kinuni. Ya pili ni kwamba wiki tisa na hizo fedha zitayeyuka, urudi chuoni mikono mitupu. Ya kwanza si kweli. Ya pili inaweza kuwa kweli, kama utarudia ulichofanya mwezi uliopita kwa sauti kubwa zaidi.

Hili la "wamezoea ngoma, maigizo hawayataki" nimelisikia miaka mingi, na mara zote hulisema watu waliochoka. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ndicho TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake la kila mwaka lilianza 1982. Mama wa miaka hamsini anayeuza chapati pale Dunda amekua akisikia ngoma za wanafunzi wakiwa mazoezini. Ameona sarakasi, ameona michezo ya jukwaani, ameona wageni wa nchi za mbali wakicheza mbele yake. Huyo ni mtazamaji mkali, na mtazamaji mkali hapotezi jioni yake kwa kitu asichojua ni nini wala ni cha nani. Tena huko kuzitenga ngoma na maigizo ni kwa mitaala yetu ya darasani. Uwanjani ni kitu kimoja: watu wanajibizana kwa nyimbo, mtu anaigiza mwendo wa jirani yake, wengine wanashika mbavu kwa kicheko. Atakayekwambia hawa hawapendi kuona maisha yao yakiigizwa hajakaa nao shughulini.

La kiingilio bure nalo tuliangalie vizuri. Tiketi ni gharama ndogo kabisa ya jioni ya mtu. Mwenye genge la nyanya na vitunguu anauza zaidi saa ileile uliyowaita, watu wanaponunua mboga ya usiku. Mwenye watoto anafikiria nani atabaki nao. Anayetoka Nianjema anafikiria bodaboda ya kwenda na ya kurudi. Halafu neno "bure" lenyewe limeshachezewa sana na watu wa miradi na wa siasa, mtu akilisoma anajiuliza anatafutwa kwa lipi. Sisemi uanze kutoza. Nasema usidhani kufuta kiingilio kunafuta sababu ya mtu kubaki kwake.

Na saa 12:30 jioni, mwanangu, ni wakati wa magharibi. Pwani yetu jua linatua kati ya saa 12 na dakika kumi na saa 12 na dakika 45, kutegemea na mwezi. Bila kukusudia, umeulazimisha mji wenye misikiti kila mtaa uchague kati yako na sala. Watu hawatakuja kulalamika. Watakaa kimya tu, na wewe utausoma ukimya huo kama chuki ya maigizo.

Sasa tuje kwenye kiini chenyewe. Tangazo na mwaliko ni vitu viwili mbalimbali. Tangazo humpa mtu habari: siku fulani, mahali fulani, kuna jambo. Mwaliko humpa mtu nafasi ndani ya hilo jambo. Fikiria harusi za huku kwetu. Hakuna anayekwenda harusini kwa kuwa ameona bango. Wanawake wawili wanapita nyumba kwa nyumba, wanabisha hodi, wanakaa kidogo kwenye mkeka, wanauliza hali za watoto, halafu ndipo wanataja siku. Aliyealikwa hivyo anajua tayari ataingia na nani, atakaa wapi, na kwamba asipoonekana ataulizwa. Na kama alishatoa mchango wake, hata kidogo, atafika hata mvua inyeshe, kwa sababu shughuli ile ni yake pia. Mabango yako 60 hayakumpa mtu chochote kati ya hivyo.

Haya nilifundishwa na mama mmoja mkaanga samaki. Kikundi nilichokuwa nakiongoza wakati huo kilikuwa na ukumbi, na yeye alikuwa na karai lake hatua kama arobaini kutoka mlangoni petu. Tulinunua samaki kwake karibu miaka miwili, na hakuwahi kuingia hata siku moja. Jioni moja nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anageuza samaki aina ya changu, akasubiri mafuta yatulie, akanitazama, akasema: "Pale kwenu mtu anavaa nini?" Nikabaki sina jibu. Akaongeza: "Na nikicheka kwa nguvu?" Basi. Miaka miwili nilidhani hana muda au hana hamu, kumbe alikuwa amesimama mlangoni kwa mawazo yake, anaogopa aibu. Alikuwa ameona wageni wenye kamera wakiingia, ameona wanachuo, akahesabu kwamba mahali pale si pa mtu mwenye kanga iliyorukiwa na mafuta.

Tulibadilisha vitu vichache tu. Safu mbili za mbele za viti tukaziondoa, tukatandika mikeka. Mlango tukauacha wazi wakati wa mchezo. Kisha nikamwomba kitu: atuletee samaki wa kuuza mapumzikoni, kwa faida yake mwenyewe. Alikuja na kigoda chake, beseni lake, na wanawake sita. Alicheka kwa nguvu, na ukumbi mzima ukacheka naye.

Kwa hiyo swali lako la msingi, mwanangu, libadilishe kidogo. Usijiulize "nitawafikishiaje habari?" Jiulize "watu hawa nitawapa sehemu gani ya mchezo huu kabla sijawaomba waje?" Wazo hili si langu na si geni kwetu. Mwaka 1982 na 1983, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakufika na mchezo mkobani. Walianza kwa kukaa na wanakijiji, kusikia kinachowasumbua, kisha wakatengeneza maonyesho pamoja nao kwa sanaa za hukohuko, na baada ya onyesho watu wakajadili. Jirani zetu wa Kamiriithu, huko Limuru nchini Kenya, walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao na kufanya mazoezi mbele ya kila apitaye, wanakijiji wakisahihisha lugha na nyimbo, mpaka serikali ilipousimamisha mchezo wao Novemba 1977. Siku ya kwanza ya onyesho haikuwa ya kwanza kwa watu wale. Walikuwa wameshauona ukizaliwa.

Tuzipime njia ulizotaja, moja moja.

Gari la matangazo nakushauri uliache. Linafaa kwa jambo ambalo watu tayari wanalitaka na wanasubiri tu kuambiwa siku: mechi, muziki wa msanii anayejulikana, chanjo. Kwa jambo wasilolijua, gari linapita, vumbi linatulia, na nusu ya fedha zako imekwenda na dizeli. Kama unataka sauti barabarani, jifunze kwa mdundiko, ngoma ya Wazaramo. Mdundiko haumwiti mtu uwanjani. Unampitia mlangoni, anatoka na ufagio mkononi, anafuata mpaka kona ya pili, na akirudi nyumbani tayari ameshiriki. Ngoma tatu, waigizaji sita wakiwa wamevaa mavazi ya mchezo, mtaa mmoja, nusu saa, siku ya onyesho lenyewe. Inagharimu maji ya kunywa na nauli. Ila ni msafara wa barabarani, kwa hiyo lazima uongozi wa eneo hilo na polisi wajue mapema.

Soko la samaki nalipenda, lakini wengi hulikosea. Wanafika asubuhi mnada umepamba moto, wanaweka spika, wanaanza kuigiza katikati ya njia ya wabeba matenga. Mtu anayepigania bei ya samaki wake hawezi kukutazama, na akikutazama ni kwa hasira. Nenda kwanza siku mbili bila kitu chochote mkononi, ukatazame tu. Utaona kuna wakati mnada unakwisha, wachuuzi wanahesabu fedha, wavuvi wanakaa kivulini, wengine wanapara samaki. Huo ndio wakati wako, na ni mfupi. Andaa kipande cha dakika kumi, chenye watu watatu au wanne, kinachosikika bila kipaza sauti. Omba ruhusa kwa viongozi wa soko na wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, na waambie wachague wenyewe msimame wapi.

Kuna kitu kimoja hapo sikipendi, nacho ni ule ujanja wa kukata kipande katikati ili watu waje ukumbini kutafuta mwisho. Mtu uliyempa nusu anahisi ametegwa. Mpe hadithi ndogo iliyokamilika, yenye wahusika walewale wa mchezo mkubwa. Akiwapenda, atawafuata.

Na ukiwataka wavuvi ukumbini, tazama mwezi kabla hujatazama kalenda ya ofisini. Wanaovua dagaa kwa taa hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti samaki, hivyo wanapumzika, wanashona nyavu, wapo mjini. Katikati ya mwezi wa Kiislamu, tarehe 13, 14 na 15, ndizo siku zako. Njia nayo ina mwanga kwa wanaorudi kwa miguu. Nahodha yeyote atakuthibitishia na kukurekebishia, na kumuuliza tu ni mwaliko tayari. Anza saa mbili na robo usiku, baada ya isha. Hakikisha kwanza hakuna mechi ya Simba na Yanga.

Wanawake wenye watoto hiyo saa haiwafai wote. Kwa ajili yao fanya onyesho jingine saa kumi na nusu alasiri, liishe kabla ya saa 12. Usilazimishe onyesho moja lihudumie kila mtu.

Shule itakupa furaha nyingi na watazamaji wachache kuliko unavyotarajia, nami nakwambia mapema usije ukavunjika moyo. Ukicheza mbele ya wanafunzi mia tano watashangilia mpaka paa litikisike, na jioni hakuna hata mmoja atakayekuja, kwa sababu mtoto hapangi jioni ya nyumba. Mzazi huja kwa jambo moja: mwanawe yuko jukwaani. Kwa hiyo chukua shule moja na darasa moja, ukutane nao mara nne, watoto watengeneze kipande chao kifupi, kisha kichezwe ukumbini kwenu kabla ya mchezo mkubwa, wazazi wakiwepo. Epuka darasa la saba ikiwa ni karibu na mtihani wao wa Septemba, na kidato cha nne karibu na Novemba. Ruhusa ya mwalimu mkuu peke yake haitoshi, pitia pia kwa afisa elimu. Ridhaa ya wazazi iwe ya maandishi, hasa kama kutakuwa na picha.

Njia ambayo hukuitaja ndiyo ninayoiamini kuliko zote: mazoezi ya wazi. Wiki mbili au tatu kabla ya onyesho, alasiri moja, fungueni mlango. Waalikeni watu ishirini au thelathini, si zaidi, na kahawa chungu na kashata. Waonyesheni sehemu mbili ambazo bado hazijakaa sawa. Mwongozaji atasita, waigizaji wataona haya, kwa hiyo zungumza nao mapema na umwachie mwongozaji achague sehemu za kuonyesha. Baada ya hapo usiulize "mmeupendaje?" Wageni wana adabu, watasema "mzuri sana" na mtakuwa hamjapata kitu. Uliza "wapi mlichoka?" Uliza "mama mkwe wa huku angesema hivi kweli?" Hapo utaona watu wanasogea mbele. Mzee mmoja atasema nahodha hashiki kamba namna ile. Dada mmoja atasema hakuna mwanamke atakayejibu hivyo mbele ya wifi yake. Rekebisheni hata mambo mawili tu kati ya waliyosema, na siku ya onyesho yule mzee ataleta ukoo mzima kuja kuona kamba inavyoshikwa.

Sasa wiki zako tisa zinaanzia wapi? Zinaanza kwa kutofanya tukio lolote kwa wiki mbili. Chagua eneo moja tu, liwe Dunda au Magomeni, si mji mzima. Piga hodi kwanza kwa kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ujitambulishe, useme umetoka wapi na utaondoka lini. Halafu zunguka na daftari ukitafuta watu kumi. Usiwatafute wenye wafuasi wengi mtandaoni. Watafute ambao wengine hukaa kwao: kinyozi, fundi cherehani, muuza kahawa, mama mweka hazina wa kikoba, mwalimu wa madrasa, katekista, mkubwa wa kijiwe cha bodaboda. Kaa, sikiliza, uliza kinachowachekesha na kinachowakera. Usitoe karatasi ya kujaza majina siku ya kwanza. Watu wamechoka kuandikwa.

Wiki ya tatu mpaka ya tano ni za soko na darasa lako moja. Ya sita na ya saba ni mazoezi ya wazi na kupita nyumbani kwa wale kumi, kila mmoja ukimwomba kitu kidogo anachokiweza: mikeka ya kuazima, kanga za vazi la mhusika, wimbo wa zamani, dakika tano za kusema jambo kikundini kwake. Ya nane ni onyesho. Ya tisa usiipangie kitu kipya, nitakwambia kwa nini. Katika fedha, karatasi na uchapishaji visizidi 40,000. Zilizobaki ziende kwenye nauli, kahawa, maji, mikeka ya kukodi ikipungua ya kuazima, na akiba isiyopungua 50,000, kwa sababu siku ya onyesho lazima waya mmoja ukatike. Instagram usiifute. Iache iwakumbushe wanaowajua tayari, na iwafikie wageni na vijana wa Dar es Salaam wanaokuja mwisho wa wiki.

Viti 150 usivipange vyote. Panga 60 na mikeka mbele, vingine viwe nyuma ya pazia, vitolewe watu wakizidi. Mtu akiingia akakuta viti vitupu mia moja, anajiona amekosea siku.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi, na hapo lazima uende kwa watu ana kwa ana. La kwanza ni vibali. Usidhani kwamba kwa kuwa ni bure au ni uwanjani basi kibali hakihitajiki. Michezo ya jukwaani ina sheria yake tangu 1976, na sanaa kwa ujumla ziko chini ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mwombe msimamizi wako aende nawe kwa afisa utamaduni wa halmashauri katika wiki ya kwanza, mkaulize kikundi chenu tayari kina kibali gani na kila tukio linahitaji nini zaidi. Usiende peke yako. Jina linaloandikwa kwenye karatasi liwe la kikundi, si la mwanafunzi wa mafunzo.

La pili, hukuniambia mchezo unahusu nini. Ikiwa unagusa kupigwa, kubakwa, ndoa za utotoni au jambo lolote la namna hiyo, usifanye mjadala baada ya onyesho bila afisa ustawi wa jamii kuwepo. Nimeshaona msichana akisimama kwenye mjadala, akaanza kusema "mimi mwenyewe", na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua la kufanya baada ya hapo. Wewe si mshauri nasaha, na huruma yako haitoshi kumlinda akirudi nyumbani. Mjue mapema mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto wa polisi, na namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo kuipiga ni bure, iwe imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Ukiona kikundi hakiko tayari kwa hilo, ondoeni mjadala, mbakize onyesho.

Kuhusu ripoti. Idadi ya watu waliofika iandike, lakini peke yake haisemi kitu. Wewe unataka kujua nani mpya, nani kaletwa na nani, na nani amerudi. Usiwape fomu mlangoni. Weka mabakuli matatu na komwe za bao. Kila anayeingia anapewa komwe moja, na kijana mmoja mchangamfu anamwelekeza: bakuli la kwanza kama umealikwa na mtu, la pili kama ulituona sokoni, shuleni au mazoezini, la tatu kama umeona tangazo. Anayejua kusoma na asiyejua wote wanaweza, watoto wanalipenda, na usiku uleule unahesabu. Kama unachukua namba za simu ili kuwaita tena, omba ridhaa na useme utazitumia kwa nini. Tangu 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, na hata bila sheria ni adabu tu.

Tarajia nini? Ukipata watu 60 ambao 40 si ndugu wa yeyote jukwaani, kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa kwa wiki nane. Na katika ripoti usifiche wale 19. Waandike ukurasa wa kwanza, pamoja na saa 12:30 na sababu zake. Mkufunzi anayejua kazi hii atakuamini zaidi kwa ukurasa huo.

Wiki ya tisa niliyokwambia uiache wazi ni ya kukabidhi. Mitaa hii imeona wengi waliokuja na daftari, wakacheka na watoto, wakapiga picha, wakapotea. Mwombe msimamizi sasa hivi, si wiki ya mwisho, akutajie mwanakikundi mmoja atakayebaki na watu wako kumi. Atembee nawe tangu wiki ya tatu, abebe mikeka, ajulikane kwa jina. Halafu katika zile siku za mwisho piteni nyumba kwa nyumba, wewe na yeye, mrudishe kanga zilizofuliwa na mikeka iliyokung'utwa. Waage, na mwache yeye ndiye aseme siku ya onyesho linalofuata.